Kairopraktiki kwa Mkimbiaji: Jinsi ya Kutibiwa Ukapona, Badala ya Kutulizwa Ukarudi

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wakimbiaji yanafanana mno. Mtu anaumwa goti au kisigino wiki sita kabla ya mbio. Anaenda kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani anayetibu viungo na mgongo kwa mikono, anageuzwa, nyonga na mgongo vinaalika, anatoka akitembea mwepesi. Jumapili anakimbia kilomita 18 ili kufidia wiki aliyoikosa. Jumanne hawezi kushuka ngazi. Anarudi, analipa tena, na mchezo ni uleule hadi mbio zinapita.

Hapo tiba ya mikono inasingiziwa bure. Kazi yake ni kupunguza maumivu na kulegeza kiungo kilichokaza, tena kwa muda: saa kadhaa, siku chache. Haiongezi nguvu ya kano wala ya mfupa. Vitu hivyo huimarika kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Nafuu unayotoka nayo kliniki ni nafasi ya kuanza kazi hiyo, na wengi huitumia kwa kukimbia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekimbia mara tatu au zaidi kwa wiki, mwenye maumivu ya mguu au kiuno yaliyokuja taratibu. Kama ulianguka, ukasikia kitu kimekatika, au kiungo kilivimba siku ileile, nenda hospitali kwanza.

## Utakachohitaji

- Daftari. Utaandika kilomita, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na hali ya asubuhi inayofuata. Bila daftari hutajua kama unapona au unazoea maumivu.
- Tepu ya kupimia, hata ya fundi cherehani, na ukuta mtupu.
- Ngazi moja au kipandio imara cha kusimamia, chenye kitu cha kushikilia pembeni.
- Taulo dogo la kukunja.
- Begi la mgongoni na vitu vya kulipa uzito: chupa za maji, mchele, mchanga. Kilo 2 za kuanzia, baadaye hadi 10 au zaidi.
- Simu ya kuhesabu muda na kukurekodi ukikimbia.
- Viatu unavyokimbilia sasa. Usivifue, tabibu atataka kuona vilivyolika.

Neno moja kuhusu viatu vya mtumba, maana wengi wetu ndivyo tunavyovaa. Juu vinaweza kung'aa kama vipya huku povu la soli limeshakauka. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: isipobonyea kabisa, au ukiona mikunjo mingi ya pembeni isiyofunguka, kiatu hicho ni cha sokoni, si cha kilomita 30.

## Hatua ya 1: Jichuje kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu

Kuna maumivu ambayo kuyachua au kuyageuza ni hatari. Soma orodha hii taratibu. Ukijikuta kwenye mstari hata mmoja, nenda hospitali kwanza, habari ya kairopraktiki itafuata.

- Maumivu ya nukta moja, inayofunikwa na ncha ya kidole. Sehemu ndogo juu ya mfupa wa muundi, wayo au kiganja cha mguu inayouma ukiibonyeza, inazidi kila unapokimbia, na sasa inauma hata ukiwa umelala. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haioneshi kitu, kwa hiyo "eksirei iko safi" haimaanishi rudi barabarani. Kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, ndicho kinachoona mapema.
- Maumivu ya kinena au ndani kabisa ya nyonga yanayokuja ukikanyaga. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukipuuzwa unaweza kuvunjika kabisa. Acha kukimbia leo, na usijijaribu kwa kuruka mguu mmoja.
- Shavu la mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Mtu asikuchue hapo, hata mama mwenye mikono mizuri kuliko wote mtaani.
- Ganzi sehemu za siri na katikati ya makalio, mkojo kutoka wenyewe au kukataa kutoka, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hii ni dharura ya saa hiyohiyo.
- Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu. Kwetu Afrika Mashariki lazima mtu afikirie kifua kikuu, ambacho huweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila kikohozi hata kidogo. Mgongo wa namna hiyo haualishwi.
- Dada au mama anayekimbia ambaye hedhi imekosekana miezi mitatu na zaidi na si mjamzito. Mara nyingi mwili unaambiwa ukimbie bila chakula cha kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa.

Umefaulu hatua hii ukiwa umeisoma orodha yote na hakuna mstari unaokuhusu.

## Hatua ya 2: Jipime, uandike namba

Bila namba za mwanzo utategemea hisia, na hisia baada ya kukandwa huwa tamu kila siku. Fanya vipimo hivi vinne pekupeku, miguu yote miwili.

1. Goti ukutani. Weka kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, piga goti liguse ukuta huku kisigino kikibaki chini. Sogea nyuma hadi pale ambapo goti linagusa kwa shida, kisha pima umbali wa kidole na ukuta. Sentimita 10 hivi ni nzuri. Mguu mmoja ukipungukiwa zaidi ya sentimita 2 kuliko mwenzake, kifundo hicho kimekaza, na hapo tiba ya mikono ina kazi ya kweli.
2. Kunyanyua kisigino. Simama mguu mmoja, gusa ukuta kwa vidole tu, panda hadi juu kabisa na ushuke. Hesabu hadi utakaposhindwa kufika juu. Lengo ni kama 25. Usishangae ukiishia 11. Wakimbiaji wengi wana mapafu ya farasi na mashavu ya miguu ya mtoto.
3. Kushuka kwenye kiti. Kaa na kuinuka kwa mguu mmoja mara tano, ukijirekodi kwa mbele. Angalia kama goti linakimbilia ndani na kiuno kinaanguka upande.
4. Kuruka mguu mmoja mara kumi palepale. Usifanye kipimo hiki ikiwa mfupa unauma ukiubonyeza.

Andika pia mahali penyewe panapouma. Kwa muundi, tofauti hii ni muhimu: maumivu yaliyotandaa sentimita 5 au zaidi kwenye ukingo wa ndani wa mfupa ni ya mfupa uliochoshwa; ya nukta moja yanakurudisha kwenye orodha ya juu.

## Hatua ya 3: Mtafute mtu sahihi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tabibu wa kairopraktiki ni mtu aliyesomea viungo, misuli na mishipa ya fahamu, na anayetibu zaidi kwa mikono. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka miaka minne ya masomo ya kutwa, saa zisizopungua 4,200, kwa mtu anayeanza bila elimu ya tiba. Afrika Kusini fani hii inafundishwa University of Johannesburg na Durban University of Technology. Afrika Mashariki matabibu wenye sifa hizo ni wachache na karibu wote wako miji mikubwa, na jirani yao wapo wengi wenye bango la "kunyoosha mgongo" ambao chuo chao ni video za simu.

Kwa hiyo uliza bila aibu: "Daktari, ulisoma chuo gani, na leseni yako inatoka wapi?" Mtaalamu halisi hakasiriki kwa swali hili. Cheti kiwe ukutani, si kwenye maneno.

Ukiwa mbali na kliniki za namna hiyo, usijione umekosa. Mtaalamu wa fiziotherapia naye hutumia mikono kulegeza viungo, na mara nyingi ndiye anayejua zaidi mazoezi ya kurudisha nguvu. Kenya wanasajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Tanzania, KCMC pale Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo chao. Kati ya tabibu wa kairopraktiki asiyekupa zoezi hata moja na mtaalamu wa fiziotherapia anayekuandikia programu, mimi ningemchagua wa pili bila kufikiri mara mbili.

Fundi wa mifupa wa jadi na mkandaji wa gym? Kukandwa misuli iliyochoka baada ya mbio ndefu ni raha na sina neno. Lakini kuvutwa kiungo, kukanyagwa mgongo au kugeuzwa shingo na mtu asiyejua kuchuja dalili za hatua ya 1, hapana.

Dalili za kuondoka mapema:

- Anapiga eksirei ya mgongo mzima kwa kila mgeni, hata mwenye goti.
- Anakuuzia kifurushi cha vikao 20 au 30 ulipie leo, kabla hajakupima.
- Anasema "mfupa umetoka mahali pake" na yeye ndiye anayeurudisha. Mfupa uliotoka mahali pake ungekupeleka hospitali ukipiga kelele. Mlio unaousikia ni wa gesi ndani ya ute wa kiungo. Picha za MRI zilizochapishwa mwaka 2015 zilionesha povu likijitengeneza pale viungo vya vidole vinapovutwa. Kiungo kinaweza kulegea bila mlio, na kinaweza kulia bila faida yoyote.
- Anapima miguu ukiwa umelala na kukwambia mmoja ni mfupi, ndiyo sababu ya kila kitu. Watu wengi wana tofauti ya milimita chache na wanakimbia maisha yao yote.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Nenda na daftari, viatu na bukta. Mweleze mambo manne: panapouma, lini palianza, ulibadilisha nini wiki nne kabla ya hapo (kilomita, vilima, viatu, kasi), na mbio zako ni lini. Swali la tatu ndilo lenye jibu mara nyingi. Aliyehama kutoka Dar es Salaam iliyo tambarare akaenda kujipima kwenye mwinuko wa Mweka kule Moshi, akashuka kilomita kwa kilomita kwa kasi, hahitaji kutafutiwa sababu ya goti kwenye pingili za shingo.

Tabibu mzuri atakuhoji, atakubonyeza, atakupima nguvu na mwendo wa kiungo, atakuona ukitembea au kukimbia, kisha atakuambia anadhani ni nini kwa maneno unayoyaelewa. Baada ya hapo ndipo mikono iguse.

Kwa mkimbiaji, sehemu zinazofaidika zaidi ni hizi:

Kifundo cha mguu. Kikikaza, mwili hutafuta njia nyingine ya kusonga mbele, na wayo, kano ya kisigino au goti hubeba ziada. Kulegeza kifundo kwa mikono kunaweza kuongeza sentimita kwenye kipimo cha goti ukutani hapohapo. Pima kabla na baada. Hiyo ndiyo raha ya kuwa na namba.

Kiuno. Hapa ndipo ushahidi wa tiba ya mikono ulipo mwingi, ingawa faida yake ni ya wastani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya kiuno unaikubali, kwa sharti kwamba iende pamoja na mazoezi, isitolewe peke yake.

Nyonga na misuli ya makalio na paja. Kukandwa na kunyooshwa kunapunguza mkazo, na wengi hupata hatua ndefu kidogo kwa siku kadhaa.

Shingo ni habari nyingine. Kuigeuza kwa ghafla kumewahi, kwa nadra, kuhusishwa na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Mtu mwenye kisigino hana sababu ya kubeba hatari hiyo. Sema mapema na kwa heshima: "Daktari, naomba shingo yangu usiiguse." Ukiwahi kugeuzwa shingo kisha ukapata kizunguzungu kikali, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au uso kulegea upande, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mjulishe pia kama una ujauzito, mifupa dhaifu, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Umefaulu hatua hii ukitoka na vitu vitatu: jina la tatizo, angalau zoezi moja ulilolifanya mbele yake akakusahihisha, na idadi ya vikao anavyotarajia. Vinne hadi sita ndani ya mwezi au mwezi na nusu vinatosha kujua kama tiba inasaidia.

## Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza

Unaweza kuhisi uchovu au maumivu madogo kama ya mtu aliyefanya mazoezi. Ni kawaida, na hupita ndani ya siku moja au mbili. Yakizidi siku ya tatu, au ganzi ikianza kushuka mguuni, mpigie tabibu kabla ya kikao kingine.

Usikimbie mbio ndefu wala za kasi ndani ya saa hizi. Maumivu yamenyamazishwa kidogo, na maumivu ndiyo yanayokuambia usimame wapi. Tembea dakika 20 hadi 30, na siku hiyohiyo jioni fanya zoezi ulilopewa, ukilenga mwendo mpya ulioupata.

Sababu hiyohiyo inahusu vidonge. Kumeza diklofenaki au ibuprofeni ili uweze kukimbia ni kujifunga kitambaa machoni, na ukiwa umekauka maji juani, figo nazo zinaingia hatarini.

## Hatua ya 6: Mzigo, wiki hadi wiki

Hii ndiyo tiba yenyewe. Inachosha, haina mlio, na ndiyo inayoachwa. Chagua sehemu yako, usifanye zote.

### Kano ya kisigino

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole. Panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka kwa mguu unaouma peke yake, taratibu, kisigino kipite chini ya ngazi. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti 3 za mara 15 goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Utaratibu huu aliuchapisha Håkan Alfredson wa Sweden mwaka 1998, na jumla yake ni mara 180 kwa siku. Ndiyo, 180. Ikiwa rahisi, vaa begi lenye uzito.

Kano huruhusiwa kuuma kidogo wakati wa zoezi. Hadi 5 kati ya 10 inavumilika, ila asubuhi inayofuata iwe imerudi ilipokuwa.

*Tahadhari:* maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Fanya sakafuni. Kunyoosha sana sehemu hiyo kunaiminya kwenye mfupa, na wengi wameharibu hapo kwa bidii.

### Wayo unaochoma hatua za kwanza asubuhi

Kunja taulo, liweke chini ya vidole vya mguu kwenye ngazi ili vidole vinyanyuke. Panda kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka sekunde 3. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Anza na seti 3 za mara 12. Baada ya wiki 2 ongeza uzito, ufanye seti 4 za mara 10. Baada ya wiki 4, seti 5 za mara 8 na begi zito zaidi. Uzito uwe ule unaokuacha bila uwezo wa kurudia mara nyingine. Matokeo huhesabiwa kwa miezi mitatu, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya tatu.

### Goti linalouma mbele, kuzunguka kilegesambwa (kifupa cha mbele ya goti)

Goti hili lina mabwana wawili: paja na nyonga. Mara tatu kwa wiki: kaa na kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, seti 3 za mara 8 hadi 12, kushuka ngazi polepole, kisigino kikigusa chini kwa wepesi, idadi hiyohiyo, na kulala ubavu ukinyanyua mguu wa juu ulionyooka, kisigino kikitangulia nyuma kidogo, mara 15. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu muda wote. Ikiwa kiti ni kifupi mno kwako, weka mto.

Punguza kushuka vilima kwa wiki tatu. Kupanda huwa kunavumilika zaidi.

### Muundi

Nyanyua visigino magoti yakiwa yamekunjwa, kwa sababu msuli wa ndani wa shavu la mguu hufanya kazi kubwa zaidi ukiwa hivyo. Kisha egemea ukuta kwa mgongo, visigino mbele, nyanyua vidole mara 20. Seti 3 za kila moja, siku moja ndiyo, moja hapana. Kilomita zipunguzwe nusu kwanza. Muundi ni mfupa, na mfupa huomba muda kuliko zoezi.

### Kiuno

Tembea kila siku. Usilale kitandani ukisubiri kipoe. Ongeza kunyanyua makalio ukiwa umelala chali magoti yamekunjwa, mara 12 seti 3, na lile zoezi la kupiga magoti na mikono kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, ukibadilisha.

Ni dalili gani kwamba mzigo ni sahihi? Maumivu wakati wa zoezi hayazidi 3 (kano peke yake imepewa ruhusa ya 5), na asubuhi inayofuata hayajapanda kuliko jana. Yakipanda, punguza idadi kwa theluthi moja. Usiache kabisa, kuacha kabisa ndiko kunakokurudisha kliniki.

## Hatua ya 7: Rudi barabarani

Masharti ya kuanza ni mawili: unatembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu kuzidi 2, na unaweza kunyanyua kisigino kwa mguu unaouma angalau nusu ya idadi ya mguu mzima.

1. Kimbia dakika 1, tembea 2, mara 10. Rudia siku mbili tofauti, ukiacha siku moja katikati.
2. Kimbia 2, tembea 1, mara 10.
3. Kimbia 5, tembea 1, mara 5.
4. Kimbia dakika 30 mfululizo, kwa kasi ya kuweza kuongea.

Usipande daraja hadi umefanya lililopo mara mbili na asubuhi zote zimekuwa tulivu. Kilomita 18 za kufidia hazimo kwenye ngazi hii.

Ukishakimbia dakika 30, anza kuongeza umbali, na uangalie zaidi mbio moja moja kuliko jumla ya wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulikuta majeraha yakiongezeka pale mbio moja inapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia. Kama mbio yako ndefu ya mwezi ni kilomita 10, inayofuata iwe 11. Vikundi vya mbio vya Jumapili vinapenda kuburuza watu. Jibu la "leo naishia kilomita 11, jamani" linatosha, na wao waende.

Sasa hesabu hatua. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160 kwa dakika, jaribu 168 hadi 172 kwa kasi ileile. Kuongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10 hufupisha hatua na kupunguza mzigo wa goti na nyonga. Fanya dakika mbili mbili ndani ya mbio, usibadilishe mbio nzima siku moja, vinginevyo shavu la mguu litalalamika badala ya goti.

## Hatua ya 8: Uendelee kwenda kwa tabibu au uache?

Rudia vipimo vya hatua ya 2 baada ya wiki nne. Kama goti ukutani limeongezeka, visigino vimeongezeka na maumivu yameshuka, vikao vipungue hadi viishe. Kama hakuna kilichobadilika baada ya vikao sita na mazoezi umeyafanya kweli, usiongeze cha saba. Omba rufaa kwa daktari wa mifupa au wa michezo. Huenda jina la tatizo lilikosewa tangu mwanzo.

Kuhusu kinga, nitasema wazi kwa sababu matangazo ni mengi: hakuna ushahidi thabiti kwamba kualishwa mgongo kila mwezi kunazuia majeraha ya kukimbia. Ushahidi unaegemea mazoezi ya nguvu. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 25 ya michezo mbalimbali ulikuta mazoezi ya nguvu yakipunguza majeraha sana, huku kunyoosha misuli peke yake kukiwa hakuna faida hiyo. Ukipona, baki na siku mbili kwa wiki za mazoezi yaleyale ya hatua ya 6. Dakika 25 zinatosha. Ukitaka kwenda kwa tabibu kila baada ya miezi michache kukaguliwa mwendo wa kifundo na nyonga, nenda, ni pesa yako na mwili hufurahi. Ila isichukue nafasi ya zile siku mbili.

Wiki ya mbio usijaribu tabibu mpya wala mbinu mpya. Kikao cha mwisho kiwe siku tatu au nne kabla, chepesi, kwa mtu anayekujua. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar kwenda Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon afike angalau siku moja kabla, anyanyue visigino akiwa kwenye kiti kila nusu saa, na ateremke kila basi linaposimama. Baada ya mbio, kukandwa kuwe kwa mkono mwepesi siku hiyo. Kugeuzwa viungo kusubiri hadi misuli itakapopoa, siku tatu au zaidi, na kama kuna nukta inayouma juu ya mfupa, rudi kwenye orodha ya hatua ya 1 kabla hujampigia mtu yeyote simu.